Usimzike Baba Akiwa Hai

 

Leo tuongee kuhusu fomu ya mkopo. Ndiyo, hiyo hiyo ya Bodi. Unaweza kujiuliza fomu ya mkopo inahusiana nini na wokovu wa roho yako. Nipe dakika chache, utaona.

Ukipita Nachingwea mjini msimu wa maombi ya mkopo, steshenari zimejaa. Waliomaliza kidato cha sita wamebeba bahasha za kaki, ndani kuna cheti cha kuzaliwa, kopi za vyeti vya shule, picha ndogo na kitambulisho cha mdhamini. Huyu anatafuta mhuri wa mtendaji, yule anasubiri namba ya uhakiki kutoka RITA, mwingine mtandao umegoma na bando limeisha. Wapo waliotoka vijijini alfajiri kwa bodaboda. Kwa wengi wao, hiyo bahasha ndiyo chuo. Isipokubaliwa, basi.

Msimu mmoja kijana alinifuata baada ya Misa ya Jumapili. Akaniambia, "Frateri, nina swali, ila usinihukumu."

Mzee wake aliondoka nyumbani yeye akiwa darasa la tatu. Akahamia Ruangwa, akaoa huko, analima ufuta na ana mikorosho. Miaka yote hiyo hajatuma hata vocha. Mama ndiye aliyemsomesha, kwa vitumbua vya asubuhi na vibarua vya shambani. Sasa kijana amefaulu, na alipokuwa anajaza fomu kuna mtu alimnong'oneza: "Andika mzee amefariki. Cheti cha kifo kinatafutwa. Yatima ndio wanaangaliwa kwanza."

Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?"

Akanitazama, akasema: "Frateri, kwangu mimi alishakufa siku nyingi. Nitakuwa nimedanganya nini?"

Ndugu zangu, nina shahada ya falsafa, nimefanya mitihani ya maadili na nikafaulu. Pale nilikosa jibu. Nilimwambia aje kesho yake jioni. Usiku huo nikafungua Matendo ya Mitume, na ninachowaandikia hapa ndicho nilichokiona.

Soma sura ya 4 mwishoni, kisha ya 5 na mwanzo wa ile ya 6, zote kwa pamoja. Tumezoea kuzisikia vipande vipande kanisani, ila ni habari moja. Mwisho wa sura ya 4 Wakristo wa kwanza wana mfuko wa pamoja. Wenye mashamba wanauza, fedha inawekwa miguuni pa mitume, na kila mtu anagawiwa kadiri ya uhitaji wake. Kadiri ya uhitaji! Ndilo neno lile lile unalolisikia kila mwaka dirisha la mikopo likifunguliwa.

Sura ya 5 inaanza na Anania na Safira. Wanauza kiwanja, wanaficha sehemu ya fedha, wanatangaza kwamba wameleta yote. Petro hamlaumu Anania kwa kubaki na fedha. Anamkumbusha kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha ilikuwa mkononi mwake, hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake ni kusema uongo mbele ya mfuko wa maskini, na Petro anasema uongo huo ameambiwa Mungu mwenyewe. Yaani taarifa za fedha zisizo za kweli, kwa lugha yetu ya leo.

Halafu sura ya 6: kuna manung'uniko. Wajane wa upande mmoja wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawawaambii wavumilie tu. Wanaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo.

Umeona zilivyopangana? Kwanza mfuko wa kugawana kwa uhitaji. Kisha mtu anayetoa taarifa za uongo. Kisha mjane aliyerukwa. Mimi ninavyosoma, Luka anatuonyesha kwamba mfuko wa namna hii unasimama juu ya ukweli. Ukweli ukitoka, anayeumia kwanza ni yule asiye na mtetezi.

Sasa turudi nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Fedha yake inatoka serikalini, maana yake ni kodi ya mama wa vitumbua anaponunua sukari na mafuta, pamoja na marejesho ya waliokopa kabla yetu. Fungu hilo lina mwisho. Fedha ya chakula na malazi, ile tunayoiita boom, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mtu akiichukua kwa cheti cha kughushi, elfu kumi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mahali imetolewa.

Jioni ya pili kijana alikuja, nikamwomba afikirie msichana mmoja. Jina lake simjui, ila nina hakika yupo, pengine hapo hapo Ruangwa, kijiji cha jirani na kwa mzee wake. Baba yake amefariki kweli. Cheti cha kifo amekifuatilia mwenyewe wilayani, akilia njiani. Naye amejaza fomu. Nikamuuliza: "Wewe na yeye mkiwekwa kwenye foleni moja, wewe umesimama na kifo cha kukopa, yeye na kifo cha kweli. Utamtazama usoni?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Lakini Frateri, mimi pia sina. Ukweli wangu haujaandikwa popote kwenye fomu."

Hapo alinigusa. Ni kweli kabisa: yupo kijana mwenye baba aliye hai na bado hana baba. Sitaki kupita juu ya maumivu hayo kwa kuwapigia kelele za "usiseme uongo". Nisikilize vizuri wewe ambaye hali yako ni hiyo. Kanisa halikuambii ujifanye huna shida. Linakuambia uiseme shida yako kama ilivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nenda kwa mtendaji, mweleze kwamba unalelewa na mama peke yake, na barua iandike hivyo hivyo. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, hakikisha taarifa hiyo imeingia, kwa sababu inaangaliwa. Ukikosa kwenye awamu ya kwanza, kuna awamu nyingine, na kuna dirisha la rufaa. Paeleze pia kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo yenu. Tunachangia misiba na harusi kwa moyo mkubwa. Tunashindwaje kumchangia mtoto wa Jumuiya nauli na godoro la kwenda nalo chuo? Mimi mwenyewe seminarini nasomeshwa kwa michango ya waamini ambao wengi wao siwajui kwa sura.

Na wewe ambaye nyumbani kwenu uwezo upo kidogo, lakini umeficha biashara ya mzee ili upate asilimia kubwa, usidhani maneno haya ni ya mwenzako tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaweka kughushi hundi na ankara pamoja na ukwepaji wa kodi chini ya amri ya saba. Namba 2412 inaongeza kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe. Kuungama peke yake, huku ukiendelea kula fungu la mwingine, hakutoshi.

Hapa Nachingwea tunajua karatasi isiyolingana na ukweli inafanya nini. Waulize wazee habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Kwenye makaratasi huko London, mavuno yalikuwa makubwa. Hakuna aliyetulia kuusikiliza udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 za walipa kodi zimepotea, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea baadaye iling'olewa. Sisemi walikuwa waongo. Nasema fedha ya umma ikifuata karatasi ambayo haisemi ukweli, inaondoka na mwenye shida anabaki pale pale.

Kuna mzee mmoja katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, anaitwa Cephalus. Yeye anaona haki ni mambo mawili: kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anambana kwa maswali, na kweli haki ina upana zaidi ya hapo. Ila kwa mwanafunzi wa mkopo, mzee Cephalus anatosha kuanzia. Siku ya kujaza fomu, sema kweli. Siku ukipata kazi, lipa.

Maana najua wapo wanaosoma hapa wameshahitimu. Tangu mwaka 2016 sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika, na inauma, hasa mshahara wa kwanza wenye ndoto nyingi. Mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, mzigo ukapungua. Aliyeajiriwa anakatwa, apende asipende. Wewe uliyejiajiri na duka lako linaenda vizuri, hakuna anayekukata. Dhamiri yako ndiyo mwajiri wako. Dawa ya deni ni kulipa, na Zaburi ya 37, mstari wa 21, inamweka anayekopa bila kulipa upande wa wasio haki. Marejesho yako ndiyo elfu kumi ya msichana yule wa Ruangwa.

Mtaniuliza kijana aliishia wapi. Jumamosi iliyofuata alipanda bodaboda kwenda Ruangwa. Alimkuta mzee amekaa nje, amechoka, amezeeka kuliko alivyomkumbuka. Akamwamkia shikamoo, akamweleza kilichompeleka. Mzee hakuwa na fedha ya kumpa, ya ufuta ilikuwa imeshaishia kwenye madeni. Aliingia ndani, akatoka na kitambulisho chake cha NIDA, akasema, "Mwanangu, hiki ninacho." Akasaini kama mdhamini.

Kwa hiyo yule aliyetaka kuandikwa marehemu, jina lake limo kwenye fomu, na amesaini kwa mkono wake. Ninavyoandika, majina ya waliopata bado hayajatoka. Sijui kama kijana atapata mkopo, na sitaki kukuambia kwamba Mungu humlipa msema kweli kwa boom. Anania alitaka sifa kwa bei rahisi. Kijana huyu amechagua kusubiri akiwa na dhamiri safi, na baba aliye hai. Tumwombee. Jumuiya yao, kwa habari nilizo nazo, imeanza kuchanga.

Tuombe: Ee Baba uliye mbinguni, unayejua tunachohitaji kabla hatujaomba, utupe midomo ya kweli mbele ya fomu na mbele ya watu. Wakumbuke yatima na wote waliorukwa katika mgawo. Waguse akina baba waliokwenda mbali na watoto wao. Na sisi tuliosomeshwa kwa jasho la wengine, utupe moyo wa kurudisha. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Kabla ya kubonyeza "tuma" kwenye fomu yako, isome mara moja zaidi, polepole, kama unamsomea Yesu. Mungu akubariki.