Je, Ni Kosa Kununua Kabla Sheria Haijafika?



Swali la wiki hii nililetewa kwa simu, na mwenyewe ameniruhusu nilisimulie bila jina lake. Ni kijana aliyetupigia kinanda hapa kanisani miaka kadhaa kabla ya kwenda Marekani. Siku hizi ni raia wa huko, anahudumia wazee, na anaishi jimbo la Washington (lile la pwani ya magharibi, si mji mkuu). Aprili 2023 bunge la jimbo lao lilikuwa linamalizia sheria ya kukataza uuzaji wa bunduki za aina ya AR-15, pamoja na vipuri vya kuziunda. Aliye nayo tayari anabaki nayo, aliyechelewa amechelewa. Kijana wetu alikuwa nayo moja. Akakimbia dukani, akaongeza mitutu miwili, triga, springi, na risasi 4,000. Gavana Jay Inslee akatia sahihi tarehe 25 na sheria ikaanza siku hiyo hiyo.

"Pasta," akaniuliza, "nilinunua kitu halali, siku ambayo kilikuwa halali, kwa pesa yangu. Nimekosea wapi?"

Jibu lililonijia mbio ni kwamba bunduki ni mbaya, yaishe. Lakini hakuniuliza hilo. Kwao kumiliki bunduki ni haki iliyo kwenye katiba. Sisi ambao hapa leseni ni safari ndefu tunahukumu haraka. Yeye aliuliza juu ya zile mbio za kuwahi.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hebu tuanzie dukani. Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Wamarekani wengi wakaona marufuku ya nchi nzima inakuja. Rafu za risasi zikakaa tupu miezi mingi ya 2013, hata zile ndogo za .22 ambazo watu hutumia kufundishia watoto kulenga shabaha. Na marufuku yenyewe? Aprili 2013 Seneti iliikataa, kura 40 kwa 60. Kumbe risasi zilimalizwa na woga wa sheria ambayo haikuja. Kabla ya hapo, sheria ya 1994 ilikataza magazini mpya za kubeba zaidi ya risasi 10 lakini ikaziacha za zamani ziuzwe. Za zamani zikapanda bei, na mwenye stoo akacheka, hadi sheria ikaisha muda wake 2004.

Kama kijana wetu angekuwa ananunua ili alangue, ningemjibu kwa dakika mbili, maana ulanguzi tunaujua tangu sukari na unga. Lakini hataki kuuza hata moja.

Hapo ikabidi nikumbuke yangu. Mwaka wa 2017 serikali ilitangaza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwisho wake ni Agosti 28. Nilikuwa na kaduka ka nafaka. Julai nikanunua marobota tisa ya mifuko, nikitegemea mahakama itasimamisha marufuku. Na nikaomba, wapendwa. Usiku nilipiga magoti nikiomba marufuku isimame, mimi ambaye asubuhi yake nilikuwa nimelalamikia mtaro wetu uliozibwa na mifuko hiyo hiyo! Kichwani nilikubaliana na sheria, lakini pesa yangu ilikuwa imelala upande ule mwingine, na maombi yakaifuata. Mahakama haikunisikiliza. Faini ilikuwa kuanzia milioni 2, na mimi nina marobota tisa chini ya kitanda.

Nikamwuliza ndugu yetu: hizo 4,000 zinakuombea nini? Mtu wa kwenda shabaha kila wiki anaweza kumaliza 200 kwa siku moja, na kwake hiyo ni stoo ya kawaida tu. Yeye huenda mara mbili kwa mwaka. Mwizi wa usiku hahitaji hata 30. Zilizobaki ni za siku gani? Akanyamaza, halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: tangu alipozinunua ameanza kuhesabu majirani, nani atakuja kugonga mlango wake mambo yakiharibika. Mmoja wao ndiye humpeleka kazini gari lake likikataa kuwaka.

Alinipa 1 Samweli 13, pale Wafilisti walipohakikisha hakuna mhunzi Israeli ili watu wasiwe na panga. Ni hoja nzuri na sikuipuuza. Ila Wafilisti hawakuchaguliwa na Waisraeli. Yeye ana kura, na wenzake wanaoona sheria ile ni mbaya wameenda kortini mchana kweupe. Mimi nikampa Luka 22: wanafunzi wanaonyesha panga mbili, na Yesu anasema zatosha. Watu kumi na mmoja, panga mbili.

Sikumwambia kwamba mwezi wa tano mamake alikuja ofisini, bahasha ya shule mkononi, kuniuliza kama nimesikia kutoka kwa kijana wake, kwa sababu karo ya dadake haikuja. Nilimwambia tu ampigie mama.

Siku tatu baadaye alinitumia picha: kila kitu kimepangwa kitandani, na kando karatasi ya hesabu. Jumla ilikuwa dola 2,740. Chini yake, kwa kalamu nyingine, alikuwa ameandika karo ya muhula wa pili.

Karo imeingia Jumanne. Risasi anasema atazimaliza polepole shabaha bila kununua nyingine. Mitutu miwili bado iko kwenye boksi, na kila tukiongea ananiuliza tena kuihusu.