Daktari Apewe Nafasi Yake



Mwaka 2024, siku chache baada ya Pasaka, niliitwa kwenda kumpaka Mafuta Matakatifu mama mmoja mgonjwa. Nyumba yake i kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa, mbele kidogo ya kijiji kiitwacho Ulaya, jina ambalo wageni hulicheka na wenyeji wamechoka kulieleza. Masika yalikuwa yameiharibu barabara, tukafika jua limekwisha kutua. "Tumsifu Yesu Kristu," nikabisha. "Milele amina," akajibu mgonjwa mwenyewe kutoka ndani, kwa sauti nyembamba. Kabla sijamwona nilijua kwa harufu ya chumba kwamba nimechelewa, wala si mimi peke yangu niliyechelewa.

Mama huyo alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Miaka miwili kabla ya hapo alianza kutokwa na damu isiyo ya kawaida. Aliona haya kumwambia mumewe. Akamwambia shoga yake, na shoga akampeleka kwa mganga wa kienyeji, aliyemwambia kwamba jirani amemloga. Mbuzi wawili wakauzwa. Kisha alikwenda kwenye maombi ya usiku ya wahubiri fulani, akaambiwa kwamba amekwisha kupona, na kwamba kwenda hospitali sasa kungekuwa kukosa imani. Mwishowe alipofika hospitali, daktari alimwandikia barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini nauli ilikuwa imekwisha kwenda pamoja na mbuzi wale.

Nilimwungamisha, nikampaka mafuta, nikampa Komunyo. Nilipokuwa nikikunja stola yangu, alimwonyesha kwa mkono binti yake wa miaka 12, aliyesimama mlangoni akishika taa, akaniuliza: "Baba Padre, na huyu je?"

Sikumjibu. Sababu ya kutomjibu nitaieleza mbele, maana ni kosa langu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha jambo ambalo wengi wetu hatujalisoma kwa makini. Asema kwamba daktari aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba. Kwamba dawa hutoka katika ardhi kwa amri ya Mungu, na mwenye akili hazidharau. Kisha ampa mgonjwa utaratibu: asali, aitakase roho yake, atoe sadaka yake, halafu ampishe daktari aingie, wala asimwache aondoke. Hapo sala na dawa hazishindani. Mwenye hekima huyo hakusema kwamba asiye na imani ndiye aendaye kwa daktari. Kwake yeye, amwendeaye daktari ndiye msikivu kwa Mungu.

Tunaye pia Mtakatifu Peregrini, ambaye wagonjwa wa kansa humwomba awaombee. Alikuwa mtawa wa Shirika la Watumishi wa Maria mjini Forlì, Italia. Alifariki mwaka 1345, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1726. Alipata kidonda cha kansa mguuni, na usiku mmoja alijikokota mpaka chini ya msalaba, akasali, na asubuhi akaonekana mzima. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini masimulizi yenyewe yasema kwamba usiku ule ulikuwa usiku wa kuamkia siku ya kukatwa mguu. Daktari alikuwa amekwisha kumpima, siku ilikuwa imekwisha kupangwa, naye Peregrini alikuwa amekubali. Aliomba muujiza huku mlango wa daktari u wazi. Atakaye kumfuata mtakatifu huyu na amfuate katika yote mawili.

Nimesikia pia watu wakisema kwamba kansa ni adhabu. Mitume walimwuliza Bwana wetu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kama ametenda dhambi yeye au wazazi wake, na Bwana akakataa yote mawili. Hata mtu aishiye kwa uangalifu mkubwa aweza kuugua kansa, na mtu wa namna hiyo asiongezewe mzigo wa lawama. Walakini Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba katika kila kansa 100, kati ya 30 na 50 zingeweza kuzuiwa. Basi kuna sehemu iliyo mikononi mwetu, na sehemu hiyo yaanzia jikoni.

Wakulima wa Kilosa wajua jinsi mavuno yanavyoweza kukutwa na mvua. Mahindi huvunwa mabichi, hutandazwa chini, huingizwa ndani kabla ya kukauka, na baada ya wiki chache huonekana kuvu ya kijani au ya njano. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha, wala haiishi kwa kuchemshwa. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sababu yake na 20 kati yao wakafa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta kansa ya ini, na humdhuru zaidi mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Akina mama hujitahidi kuchambua. Ninachowasihi ni kuyaangalia yale yaliyotupwa pembeni yanakokwenda. Mara nyingi mahindi mabovu hayatupwi. Hupelekwa kwenye pombe, au hupewa kuku na ng'ombe, na kwa njia hiyo sumu hurudi nyumbani kwa kikombe cha pombe au kwa maziwa ya watoto. Karanga zilizonyauka na kukunjamana, ambazo hazipati bei sokoni, husagwa zikatiwa katika uji wa lishe wa mtoto mdogo, mama akidhani anamjenga. Kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, kutohifadhi mpaka punje iwe kavu kabisa, kuweka magunia juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta: hayo si mambo ya wataalamu tu. Na mtoto mchanga apelekwe kliniki kupata chanjo zake zote, maana kinga ya homa ya ini imo humo.

Juu ya tumbaku sina haja ya maneno mengi. Sigara na ugoro vina hatia, na kila mtu ajua. Juu ya pombe najua nitanung'unikiwa. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai pale Kana, nami siiiti pombe dhambi. Lakini madaktari wamethibitisha kwamba pombe, iwe ya chupa, ya kienyeji au gongo, huongeza hatari ya kansa ya kinywa, ya koo, ya ini, na ya matiti kwa akina mama, na hatari hukua kadiri ya vikombe. Chai nayo isinywewe ikiwa ya kuunguza. Na moshi wa kuni usifungiwe jikoni pamoja na mama na mtoto mgongoni; dirisha halina gharama kubwa. Mchicha, matembele na majani ya kunde, ambavyo siku hizi vijana wa mjini huviona chakula cha maskini, ni bora kuliko soda na chipsi zilizovichukulia nafasi.

Sasa nirudi kwa binti yule mwenye taa.

Kansa iliyomshika mama yake ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu yote hutokana na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na ambavyo watu wengi sana huvipata bila kujua, hata mke mwaminifu kutoka kwa mume wake. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari zaidi mara sita. Tangu mwaka 2018 Serikali yetu huwachanja wasichana dhidi ya virusi hivyo. Kwanza walichanjwa wenye miaka 14. Aprili 2024 wakachanjwa wenye miaka 9 hadi 14, kwa sindano moja tu. Huchanjwa wangali wadogo kwa sababu chanjo hukinga kabla ya virusi kuingia, wala haiviondoi vilivyokwisha kuingia.

Maneno mengi yamesemwa dhidi yake. Nchini Kenya, chanjo hiyo ilipoanza mwaka 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga. Kwetu nimesikia kwamba itawafanya mabinti wawe tasa, na kwamba itawafundisha uasherati. La kwanza si kweli. Mamilioni ya wasichana wamechanjwa duniani, na utasa huo haukuonekana. La pili lanishangaza. Usafi wa moyo hufundishwa na baba, mama na katekista, wala hakuna sindano iwezayo kuutia au kuuondoa. Na msichana aliyejitunza mpaka siku ya Ndoa Takatifu aweza kuletewa virusi hivyo na mume ambaye hakujitunza.

Hapa ndipo penye kosa langu. Miaka kadhaa kabla ya siku ile, baada ya Misa, nilisikia akina baba wakisema maneno hayo ya utasa mlangoni mwa kanisa. Nilijua kwamba si kweli, nikapita. Nilijiambia kwamba ni mambo ya hospitali, si ya padre. Dada mkubwa wa binti yule alikuwa na miaka 14 wakati huo, na baba yao alimkataza kuchanjwa.

Kwa akina mama waliokwisha kuolewa ipo njia nyingine. Mwenye miaka 30 na kuendelea, na mapema zaidi kama ana virusi vya UKIMWI, aombe kuchunguzwa. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na panapogeuka peupe pana mabadiliko ambayo bado si kansa, na mara nyingi hutibiwa kwa dakika chache, pengine siku hiyo hiyo. Hapana maumivu makubwa. Iko haya, lakini haya hiyo ndiyo iliyomweka mama yule miaka miwili nyumbani. Enyi waume, mwulizeni mke wako mwenyewe kama amekwenda. Asiingoje ruhusa ambayo hamkumpa kwa kuwa hamkujua kwamba anaingoja.

Na mitishamba? Sipendi kuwadharau wazee wetu. Liko ua dogo, jeupe au la waridi, asili yake Madagaska, lipandwalo katika nyua nyingi za pwani; ndani yake wataalamu walipata dawa ya vinkristini, ambayo hospitali huwatibu nayo watoto wenye kansa ya damu na ya tezi. Lakini ua hilo hilo likitafunwa ni sumu. Dawa imo kweli. Aliyeipima ndiye awezaye kuitoa. Wengi tunakumbuka mwaka 2011, Samunge huko Loliondo, foleni za magari na kikombe cha shilingi 500, na jinsi wagonjwa wengine walivyoacha dawa zao za hospitali. Sheria yetu ya mwaka 2002 yatambua waganga wa tiba asili, na aliye mwaminifu atakuambia wewe mwenyewe uende hospitali. Ukitumia mizizi yoyote, mwambie daktari. Mingine hupigana na dawa zake au huichosha ini. Na anayekuambia uache matibabu, mkimbie, hata akiwa ameshika Biblia.

Kwa wale ambao kansa imekwisha kuenea, hospitali ingali na kazi. Iko mofini ya kunywa ya kupunguza maumivu. Mkristu asidhani kwamba anamwibia Kristu mateso kwa kuinywa; Papa Pius XII aliwaeleza madaktari mwaka 1957 kwamba yaruhusiwa. Ndugu wa jumuiya wampikie mgonjwa uji, wamwogeshe, wakae naye. Na padre aitwe mapema. Mtaguso ulisema tangu mwaka 1963 kwamba Sakramenti hii yafaa kuitwa Mpako wa Wagonjwa, lakini bado tunaitwa usiku wa mwisho, kama vile daktari anavyoitwa usiku wa mwisho.

Mama yule alifariki kabla ya Aprili kwisha. Siku ya maziko mume wake alinivuta kando, tungali na udongo mikononi, akaniuliza kama ni kweli yale ya utasa. Nilimwambia si kweli. Akaniuliza kwa nini sikusema zamani. Nikamwomba radhi.

Wiki hiyo wahudumu wa afya walikuwa wakizunguka shuleni kwa chanjo. Asubuhi iliyofuata alimpakia binti yake kwenye baiskeli, akampeleka mwenyewe, akasimama nje ya darasa mpaka alipotoka ameushika mkono wake.