Je, Ni Haki Kuutazama Moyo Usioweza Kuutibu?

Mwaka jana jirani yetu wa Buyenzi, mama mmoja aliyetoka Uvira, aliniletea karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili. Alitokwa na jasho kila aliponyonya, alihema mbio, na hakuwa akinenepa. Hospitali moja ya hapa mjini ilimfanyia ekografi ya moyo, kisha ikampa mama karatasi hiyo na picha, bila maelezo ya kutosha. "Nisomee, mwanangu," aliniambia. "Wewe ndiwe uliyesoma."

Nilimsomea yote isipokuwa mstari wa mwisho. Mstari huo ulisema kwamba upasuaji unaohitajika haufanyiki pale, na kwamba mtoto atafutiwe matibabu nje ya nchi bila kuchelewa. Nilidhani namhurumia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kuna faida gani, na haki gani, katika kuutazama moyo ambao huwezi kuutibu?

Kwanza tueleze kinachotazamwa. Moyo wa kawaida una mishipa miwili mikubwa inayotoa damu: mmoja huipeleka mapafuni, mwingine huipeleka mwilini. Mtoto huyu alikuwa na shina moja tu badala ya mishipa hiyo miwili, na chini ya shina hilo palikuwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, zikijumlishwa zote, si chache. Hukadiriwa kumpata karibu mtoto mmoja katika kila 100. Lakini hii ya shina moja ni adimu, na kwa kusikiliza kifua peke yake ni vigumu kuitofautisha na nyingine. Ekografi hutuma mawimbi ya sauti isiyosikika na binadamu, hupokea mwangwi wake, na kuugeuza kuwa picha. Damu inayoelekea kwenye kifaa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, na inayokwenda mbali nacho kwa buluu. Mama aliniuliza kama ile buluu ndiyo ugonjwa. Nikamwambia hapana, ni mwelekeo wa damu tu.

Zamani maarifa haya yalipatikana kwa njia nyingine. Fallot, daktari wa Marseille aliyeeleza mwaka 1888 kasoro inayoitwa kwa jina lake hadi leo, aliijua kwa kuichunguza mioyo ya waliokufa. Maude Abbott wa Montreal alitoa mwaka 1936 atlasi yenye visa 1,000, na ujuzi wake pia ulitoka zaidi katika mioyo iliyokwisha kusimama. Mtoto alifundisha, lakini somo halikumfaa yeye. Eksirei ilianza kubadilisha hali hiyo, na mwaka 1953 Edler na Hertz wa mji wa Lund, Sweden, walifanikiwa kunasa mwangwi wa moyo wa mtu aliye hai. Hapo njia ikafunguka ya mgonjwa kufaidika na picha ya moyo wake mwenyewe. Kwa hiyo naona kwamba picha ikipigwa kisha ikafungiwa kabatini, tumerudi enzi za Fallot: tunajifunza kwa mtoto aliye hai kana kwamba amekwisha kufa.

Wapo watakaosema kwamba basi ni bora kutotazama kabisa. Bibi yangu ni mmoja wao. Aliponiona na ile karatasi alisema kwamba kumwambia mzazi jambo asiloliweza ni kumfisha kabla ya mwanawe. Hoja hii ina uzito, na mimi mwenyewe niliifuata kwa siku saba. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tena, kutibu si kazi pekee ya ukweli. Mtaani watu walikuwa wakinong'ona kwamba mama yule alikunywa dawa mbaya za miti shamba akiwa mjamzito, au kwamba ana mkosi. Nilipomweleza kwamba moyo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo za mimba, na kwamba mara nyingi chanzo cha kasoro kama hii hakijulikani, alilia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe si mimi." Picha ile haikumponya mtoto, lakini ilimwondolea mama yake hatia.

Wengine watauliza kuhusu fedha: katika nchi maskini kama yetu, kwa nini tusinunue vyandarua na chanjo badala ya mashine za kutazama magonjwa adimu? Swali hili ni la haki. Hata hivyo, mashine ya ekografi haimtumikii mtoto mmoja, na hakuna nchi inayojenga chumba cha upasuaji kwa ajili ya ugonjwa usioonekana. Tanzania kwa miaka mingi ilipeleka wagonjwa wake wa moyo India. Tangu mwaka 2015 ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Anayetaka mikono ya kutibu lazima kwanza aonyeshe kinachohitaji kutibiwa.

Mfano wa Helen Taussig wa Baltimore unanisaidia hapa. Aliwachunguza kwa eksirei watoto waliogeuka rangi ya buluu, akaelewa kwamba damu isiyotosha ilikuwa ikifika mapafuni mwao. Yeye hakuwa mpasuaji. Mpasuaji wa kwanza aliyemwendea, huko Boston, hakulipokea wazo lake. Hakukaa kimya, alimwendea Alfred Blalock, ambaye msaidizi wake Vivien Thomas aliijaribu njia hiyo kwanza kwa mbwa. Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kwanza alipasuliwa. Aliyeona bila kuwa na mikono alikwenda kuitafuta mikono.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Tukisema tunakwenda kumwangalia mgonjwa, hatumaanishi kumkodolea macho; tunamaanisha kumjali na kuuliza anahitaji nini. Jibu langu basi ni hili: ni haki kuutazama moyo usioweza kuutibu, kwa sharti kwamba anayetazama amwambie mzazi ukweli wote kwa lugha anayoielewa, ampe picha, na aipeleke kwa wanaoweza kutibu.

Siku ya nane nilirudi kwa jirani yetu nikamsomea mstari wa mwisho. Hakunifokea. Alisema tu, "Siku saba, mwanangu. Ningekuwa nimeshaanza kutafuta." Ndugu zake wakaanza kuchanga, majirani nao wakachanga, na picha zikatumwa Dar es Salaam. Mtoto alifariki kabla ya safari, akiwa na miezi minne. Huenda siku zile zisingebadilisha kitu. Lakini zilikuwa siku za mama yule na mwanawe, na mimi sikuwa na haki ya kuzitumia kwa niaba yao.