Washa Kamera

Mwezi wa saba mwaka jana nilipewa kazi ambayo haimo kwenye mkataba wangu: kuwafurahisha watu 11 ambao sijawahi kukutana nao.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa hapa Dar es Salaam, na ada yangu naipata kwenye unukuzi. Kampuni inatutumia sauti za mikutano, mahojiano na mahubiri, sisi tunazigeuza kuwa maandishi. Tuko wanne Dar es Salaam, wanne Nairobi, wawili Kampala, mmoja Arusha na mmoja Mwanza, kila mtu kwake na hedifoni masikioni. Meneja aliona tumeanza kujibizana kwa ukali kwenye kundi la WhatsApp, na kweli tulikuwa tunajibizana, akaamua kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, tukutane kwa video tucheze. Lengo, alisema, ni kujenga timu. Akanichagua mimi kwa sababu ni mchangamfu. Uchangamfu wangu huo ni wa kuandika tu. Ana kwa ana huwa nazubaa, lakini yeye angejuaje?

Niliichukua kazi kwa uzito. Nilijifunza kwamba watu 12 wakiwa kwenye skrini moja wanaongea wawili, wengine wanasoma ujumbe kwenye simu, kwa hiyo nikawa nawagawa watatu watatu kwenye vyumba vidogo kwa dakika nane. Nilijifunza kwamba mashindano ya kujibu maswali haraka hushindwa na yule ambaye mtandao wake ni mzito, si yule asiyejua jibu. Siku moja nilitaka tuimbe pamoja. Sauti za Kampala zilichelewa, za Arusha zikakatika, na kila mtu akaumaliza wimbo kwa wakati wake kama abiria wanaoshuka vituo tofauti. Mchezo uliofana kuliko yote haukuwa mchezo hata kidogo: kila mtu asimulie chakula kilichomuungulia wiki hiyo. Tulicheka hadi tukapitiliza muda.

Kanuni yangu ilikuwa moja. Washa kamera.

Mwezi wa tisa niliandaa mchezo wa kutafuta vitu. Nataja rangi, una sekunde 30 kuleta kitu cha rangi hiyo kutoka popote nyumbani kwako. Dada wa Mwanza alikuwa amezima kamera. Nikamtania. Nikasema labda bado yuko kitandani, labda ameajiri roboti imfanyie kazi. Wenzangu wakacheka, meneja naye akacheka, akaongeza lake. Nikasema, "Dada, timu nzima inakusubiri." Akawasha.

Nyuma yake kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda mzee amelala ubavu, mdomo umepinda upande mmoja, shuka limeshuka hadi kiunoni. Baba yake. Alikuwa amepata kiharusi, tulikuja kujua baadaye, na chumba alichokuwa anafanyia kazi ndicho alichokuwa anamuuguzia. Dada alishika kikombe cha bluu mbele ya kamera, kwa sababu rangi niliyotaja ilikuwa bluu. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nikatazama ratiba yangu, nikasema, "Safi sana, sasa tutafute kitu cha njano."

Usiku ule alinitumia ujumbe: "Samahani kwa kuharibu mchezo."

Nimeukaa na ujumbe huo muda mrefu kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa. Swali langu la kwanza lilikuwa jepesi: je, ni haki kumwamrisha mtu afurahi? Kwa swali hilo majibu yapo. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1983 kitabu kuhusu wahudumu wa ndege ambao tabasamu lao ni sehemu ya kazi kama kubeba sinia, na akauliza mtu anabakiwa na nini akishauza hata hisia zake. Novemba 2022 Mahakama ya Rufani ya juu kabisa ya Ufaransa ilimpa haki mfanyakazi ambaye miongoni mwa sababu za kufukuzwa kwake ni kukataa kushiriki raha za kampuni, vinywaji vya mwisho wa wiki na mambo yanayofanana na hayo. Kukataa kufurahi, mahakama ilisema kwa namna yake, kumo ndani ya uhuru wa mtu. Niliposoma habari hiyo niliona nimeshapata mada ya insha. Furaha ya amri si furaha. Kwisha.

Ila haikwisha, kwa sababu nilikumbuka msiba wa babu.

Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe. Babu alipofariki, Wanyamwezi majirani walifika kabla ya baadhi ya ndugu. Mmoja alivaa kanzu ya babu akatembea uani kwa mwendo ule ule wa babu, akichechemea, akigomba kwa sauti ile ile kwamba chai haina sukari. Mwingine aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka alipwe. Bibi, ambaye tangu jana yake hakuwa ametamka neno, alicheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka huku machozi yakimtoka.

Wale watu hawakuja kwa hiari kama tunavyoielewa hiari. Ni watani wetu, iliwapasa. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba katika utani mmoja anaruhusiwa, na mara nyingine anatakiwa, kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Anatakiwa! Kwa hiyo kicheko cha bibi kilitokana na wajibu, na hakuna mtu pale Kisarawe angethubutu kusema kilikuwa cha uongo.

Basi kosa langu kwa dada wa Mwanza halikuwa kule kulazimisha tu. Nilizunguka na jambo hili wiki nzima, nikienda maktaba na kurudi. Mtani aliyelala kaburini ndiye aliyelichimba tangu alfajiri. Kejeli yake ilikuja juu ya malengelenge ya viganja. Tena akifiwa yeye, sisi tutavaa kanzu ya baba yake. Mimi nilimcheka dada nikiwa sijambebea chochote, na mbele ya meneja ambaye yeye hawezi kumcheka. Utani wa kazini huteremka kutoka juu kama maji ya bomba. Huku chini tunakinga tu. Halafu kuna bando. Saa moja ya video tuliilipia wenyewe, kila mtu kwa bando lake, ili tuifurahie kampuni. Hilo nililijua tangu mwezi wa saba na sikulisema.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nicomachus, anakumbusha methali ya watu wake: watu hawajuani kabla hawajala chumvi pamoja. Kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi ni aliyeishi miaka mingi, na kila mtu anahesabiwa chumvi yake. Kwa Wagiriki hesabu ni ya sahani moja. Najiuliza sisi 12 tumekula chumvi gani. Labda zile sauti mbaya za mahojiano tunazosaidiana usiku, mmoja anapoandika kwenye kundi, "Jamani, dakika ya 14 huyu anasema nini?" na watatu wanaacha kazi zao kusikiliza. Hapo hakuna ratiba wala kamera.

Mzee alifariki mwezi wa kumi. Tulichanga, kaka mmoja wa Arusha akakusanya, mimi nikatoa shilingi 20,000. Kisha nikampigia simu dada. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu kidogo. Hakunipa nafasi. Aliuliza swali ambalo shangazi yangu angeuliza dakika ya kwanza, na ambalo mimi, kwa michezo yangu yote ya kufahamiana, sikuwahi kuliweka kwenye ratiba: "Kwani wewe kwenu wapi?"

Nikamwambia Kisarawe. Akakaa kimya.

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Mimi Msukuma. Kumbe mtani wangu ndiye aliyekuja kunichungulia chumbani, na kaburi hakuja kuchimba!"

Alisema hivyo akicheka, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Nikasema Mwanza ni mbali. Akasema umbali ni kwa ajili ya wageni. Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina. Kilomita zinazidi elfu moja, nauli ningeikopa, mtihani ungenisubiri au usingenisubiri. Sijui kama namdai mtu wa kwenye skrini, au yeye ananidai, kiasi hicho. Najua kwamba angekuwa jirani wa Kisarawe nisingeliuliza swali hilo kabisa.

Akanitoza faini: nazi 20, na zisifike zimeoza.

Kwa meneja nilipeleka mapendekezo matatu. Kamera iwe hiari, tukutane ndani ya saa za kazi zinazolipwa, na kampuni ilipe bando. Mawili ya kwanza ameyakubali. La tatu anasema atalitazama. Fomu ya tathmini bado inauliza furaha ya washiriki kwa alama, moja mpaka tano.

Jumamosi nilibeba kiroba cha nazi hadi stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye ofisi ya mabasi ya Mwanza. Kijana wa vifurushi akapima, akataja bei, akachukua kalamu nene.

"Jina la mpokeaji? Majina mawili."

Kwenye kazi yetu tunatumia jina moja tu. Miaka miwili. Nikatoa simu nikampigia pale pale dirishani, watu wamepanga foleni nyuma yangu, nimuulize anaitwa nani.