Picha Kabla ya Kuonekana
Filamu ya milimita 9.5, iliyotolewa na kampuni ya Pathé ya Ufaransa mwaka 1922 ikiwa na matundu katikati ya ukanda, ina wapenzi ambao baadhi yao huunda ngoma ya mbao au plastiki, ambayo ukanda huviringishwa juu yake gizani na kuzungushwa ndani ya dawa ya kusafishia picha. Kabla ya hapo, mwanga umekwisha kuacha katika chembe za chumvi ya fedha alama isiyoonekana, yaani picha fiche. Je, picha hiyo ipo? Kwa mujibu wa Aristotle, aliyetofautisha uwezekano na utimilifu, ipo ila haijatimia. Kwa hiyo fundi anayeisafisha picha haiumbi, bali huitimiza, na uzembe wake huharibu ushahidi usioweza kurudiwa.