Mistari ya Msumari

Jahazi la mapambo linalouzwa Bagamoyo halipakiwi nazi wala boriti. Basi fundi akiikwaruza sitaha ya kipande kimoja kwa ncha ya msumari, ili ionekane imepangwa ubao kwa ubao, kadanganya?

Mimi huzipanga kweli. Nachonga vibao vyembamba, nabandika kimoja kimoja, napiga msasa kufuata nyuzi za mbao. Sitaha moja, siku nzima imekwisha! Wenzangu wananicheka, maana bei yetu ni ileile.

Hata hivyo siwaiti waongo. Mstari wa msumari ni picha tu, na picha si uongo, mradi usiulizwe ukajibu kuwa ni mbao. Linaloniudhi ni jingine. Wateja hupenda sitaha izibe chombo chote. Majahazi mengi ya pwani yetu yana sitaha omo na tezi. Katikati ni wazi, ndipo shehena inaposhukia ngamani. Ukipaziba, hata kwa kazi safi namna gani, umesema uongo kwa mbao za kweli. Mnunuzi atakwenda kwao akidhani babu zetu walibeba hewa. Mimi napaacha wazi. Akikataa, nalirudisha rafuni, na kodi ya chumba ingoje.