Kengele Ililia, Hakuna Aliyeisikia

Usiku wa Desemba 29, 1972, ndege ya shirika la Eastern, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami ikitokea New York, ikiwa na watu 176. Magurudumu yaliposhushwa, taa ndogo ya kijani ya gurudumu la mbele haikuwaka. Rubani akaahirisha kutua, akapanda hadi futi 2,000 na kuiachia ndege ijiendeshe. Kisha wote wakahamia kwenye kile kitaa. Rubani msaidizi alikichomoa, alipokirudisha kikakwama. Mhandisi akashuka chini ya sakafu kuchungulia gurudumu.

Yaelekea usukani uliguswa bila mtu kujua, ndege ikaanza kupoteza kimo taratibu. Kimo kilipopungua kwa futi 250, kengele ya tahadhari ililia. Kinasa sauti kiliinasa. Ndani ya chumba cha marubani hakuna aliyeitikia.

Ni rahisi kuwaita wazembe, nami naona si haki. Masikio yao yalikuwa mazima. Lakini sikio kazi yake ni kupokea sauti. Kuitambua ni kazi ya ubongo, na ubongo hauwezi kushughulikia kila kinachoingia, kwa hiyo huchagua. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akipita katikati na kujipiga kifua.

Milango mingine ya fahamu nayo haikuwaokoa marubani wale. Chini kulikuwa na kinamasi cha Everglades, giza totoro, hakuna taa hata moja ya kupimia kimo kwa macho. Sikio la ndani nalo huhisi mwendo unapobadilika. Ndege ikishuka polepole, halina habari.

Walikufa watu 101. Wachunguzi walikuta gurudumu la mbele limeshuka sawasawa. Kilichoungua ni globu tu.

Dereva anayezungumza kwa simu yumo katika hatari hiyohiyo, hata kama mikono yote iko kwenye usukani: anaitazama barabara, na mtoto anayevuka anaweza asimwone kabisa.

Siku hizi marubani hufundishwa kugawana kazi kwa kutamka: hitilafu ikitokea, mmoja aishughulikie, mwenzake arushe ndege na asibanduke kwenye vipimo vyake.